Watoto Wasioandikwa: Makaburi ya Bonde la Kilombero na Daftari la Taifa

Serikali huhesabu kile inachokihitaji. Mkulima huhesabiwa kwa sababu ana mazao ya kutozwa ushuru. Mpiga kura huhesabiwa kwa sababu ana kura. Mwanafunzi huhesabiwa kwa sababu ruzuku ya shule hutolewa kwa idadi ya vichwa. Lakini mtoto aliyezaliwa usiku katika kibanda cha shamba ng'ambo ya mto, akalia mara mbili, akanyamaza kabla ya mapambazuko na kuzikwa na bibi yake asubuhi hiyohiyo, huyo anahesabiwa na nani? Hana ushuru, hana kura, hana dawati. Mara nyingi hata jina hana.

Nauliza swali hili nikiwa na Bonde la Kilombero akilini, na nina sababu ya kulichagua bonde hilo. Ifakara ni miongoni mwa sehemu chache barani Afrika ambako vizazi na vifo vimefuatiliwa nyumba kwa nyumba tangu miaka ya 1990. Kama kuna mahali katika nchi yetu ambapo tungetarajia kila mtoto aliyekufa awe ameandikwa, ni hapo. Na kama hata hapo wapo wasioandikwa, hali ya kwingineko haihitaji maelezo marefu.

Hoja ninayoitetea ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza: kila mtoto aliyevuta pumzi katika ardhi hii ana haki ya kuandikwa kwamba alizaliwa na kwamba alikufa, na wajibu wa kumwandika ni wa dola kabla ya kuwa wa mama yake.

Tuanze na mahali penyewe. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi na Lumemo humwaga maji yao humo, na mto unaotokea huungana na Luwegu na kuzaa Rufiji. Masika yakishika, sehemu kubwa ya tambarare hugeuka maji. Maji hayo ndiyo baraka ya bonde, kwa kuwa yanalea mpunga unaolisha miji yetu, na ndiyo pia msiba wake, kwa kuwa yanalea mbu. Wapogoro, Wandamba, Wabena na Wambunga wameishi hapo kwa vizazi vingi. Wafugaji na wakulima kutoka mikoa mingine wameongezeka katika miongo ya karibuni.

Mwenye kulima mpunga katika bonde hili mara nyingi ana makazi mawili: nyumba kijijini na kibanda shambani. Familia huhamia shambani msimu wa kilimo, ikakaa huko miezi kadhaa kupalilia na kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe mwitu, hadi mavuno yaishe. Shule iko kijijini, zahanati iko kijijini, ofisi ya mtendaji iko kijijini, lakini mama mjamzito yuko shambani, na kati yake na kijiji kuna maji. Watafiti wa malaria waliliona jambo hili mapema na kuliandikia. Wasajili wa vifo, kwa kadiri sheria na taratibu zao zinavyoonyesha, bado wanawangojea watu waje ofisini.

Utafiti wa afya Ifakara una historia ndefu kuliko uhuru wetu. Mwanazuolojia wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika hapo mwaka 1949, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Kutoka katika mbegu hiyo ilikua taasisi ambayo leo ni ya Kitanzania, Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa mwaka 1996 ulianza mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga za wakati huo. Wahojaji walipita kila kaya, wakaandika kila mtu, kisha wakarudi kila baada ya miezi 4 kuuliza: nani amezaliwa, nani amehama, nani amehamia, nani amekufa. Palipotokea kifo, mhojaji mwingine alikwenda baadaye kuzungumza na wafiwa kwa utaratibu maalumu, akauliza dalili moja baada ya nyingine, ili madaktari wakisoma maelezo hayo wakadirie chanzo cha kifo. Mtu aliyekufa nyumbani bila kuonwa na daktari aliweza, kwa njia hiyo, kuacha ushahidi.

Ushahidi huo umeokoa maisha. Mwaka 1997 ulianza katika bonde hili mradi wa kuuza kwa bei nafuu vyandarua na dawa ya kuvitia, kwa jina ambalo wenyeji wa umri wangu wanalikumbuka: Zuia Mbu. Kwa kuwa watoto walikuwa wakifuatiliwa kaya kwa kaya, iliwezekana kuwalinganisha waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa na wasiolala humo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Mwaka huohuo jarida hilo lilichapisha utafiti mwingine wa Ifakara: watoto wachanga waliopewa dawa ya kinga ya malaria wakati wa chanjo zao za kawaida walipata malaria pungufu kwa asilimia 59 katika mwaka wao wa kwanza. Tanzania ilipoanzisha Hati Punguzo ya vyandarua kwa wajawazito mwaka 2004, haikuwa inabahatisha. Ilikuwa inasimama juu ya yale yaliyothibitishwa katika vibanda vya Kilombero.

Nayasema haya kwa makusudi, kwa kuwa katika mijadala ya wanaharakati wetu neno "utafiti" hutamkwa siku hizi kana kwamba ni aina ya unyonyaji. Upo utafiti wa namna hiyo, sikatai. Lakini hesabu ya vifo iliyofanywa kwa uaminifu ni tendo la haki, kwa sababu inamlazimisha mwenye madaraka aone kile ambacho angependa kisionekane. Kabla ya hesabu hiyo, mtoto aliyekufa kwa degedege alikuwa mkosi wa nyumba moja. Baada ya hesabu, akawa mmoja wa wengi waliouawa na ugonjwa unaozuilika, na swali likahama kutoka kwa mama kwenda kwa Wizara.

Sasa tutazame pale hesabu inapokwama. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinasimulia hadithi yenye sehemu mbili. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43. Hayo ni mafanikio ambayo taifa lolote lingejivunia. Lakini vifo vya siku 28 za kwanza vilikuwa 40 kwa kila 1,000 mwaka 1999, vikashuka hadi 32 katika utafiti wa 2004-05 na 26 mwaka 2010. Tangu hapo vimesuasua: 25 katika utafiti wa 2015-16 na 24 mwaka 2022. Kwa maneno mengine, mwishoni mwa karne iliyopita kifo kimoja kati ya karibu vinne vya watoto wadogo kilitokea katika mwezi wa kwanza. Leo ni zaidi ya nusu.

Chandarua na chanjo vimemlinda mtoto aliyekwisha kukaa duniani. Havimfikii yule anayekufa kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa kuzaliwa njiti, au kwa maambukizi ya siku za kwanza. Na huyo asiyefikiwa na kinga ndiye pia asiyefikiwa na kalamu. Hapo pana hatari kubwa, kwa kuwa hata hizo 24 ni idadi ya waliotajwa. Mhojaji huandika kile anachoambiwa. Asichoambiwa hakimo katika jedwali.

Kwa nini asiambiwe? Wasomaji wangu wa mjini hukimbilia kusema ni ujinga. Si ujinga. Katika jamii nyingi za nchi yetu mtoto mchanga huwa bado yuko njiani. Hajatolewa nje, kitovu hakijakauka, arobaini haijatimia, jina halijatulia. Akifa katika kipindi hicho, wazee wa kike humzika kimya, karibu na nyumba au nyuma yake, bila matanga na bila mkusanyiko wa wanaume. Katika baadhi ya jamii mama hukatazwa hata kulia kwa sauti, kwa hofu kwamba kilio kitafunga uzazi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanawake wa vijijini kusini mwa Tanzania ulionyesha jinsi wanavyoyaweka moyoni mambo ya mimba kuharibika na vifo vya watoto wa siku chache, na ukaonya kwamba ukimya huo unaweza kupotosha takwimu zetu. Mama huogopa maneno: kwamba alikunywa kitu, kwamba alikwenda kinyume na mume, kwamba ana mkono mbaya, kwamba amerogwa au amewaroga wengine. Mgeni mwenye karatasi anapobisha hodi na kuuliza "umezaa watoto wangapi?", jibu la salama ni kutaja walio hai.

Hata hivyo, tusiseme kwamba mila na imani zetu hazimtambui kabisa mtoto huyu. Uislamu unafundisha kwamba mtoto aliyetoa sauti ya uhai huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa kama mtu mwingine yeyote, na hata katika mirathi anahesabiwa kuwa ni mrithi. Kanisa Katoliki linamruhusu mtu yeyote, hata mkunga, kumbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa, na sheria zake zinaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu. Wabenediktini walioanzisha misheni Kwiro, Mahenge, mwanzoni mwa karne ya 20, na Wakapuchini wa Uswisi waliowafuata katika miaka ya 1920, walikuja na desturi hiyo ya vitabu. Mtafiti wa historia ya familia katika bonde hili atapata mara nyingi kwamba ushahidi pekee wa maandishi kuhusu ndugu wa babu yake aliyekufa mchanga ni mstari mmoja wa wino katika kitabu cha parokia. Vitabu hivyo vinaliwa na mchwa. Sijui kwa nini idara zetu za historia hazijavifanya kuwa kazi ya dharura.

Dola nayo ilifanya nini? Sheria ya kikoloni ya kusajili vizazi na vifo ya mwaka 1920 iliwalazimu Wazungu na Waasia, na haikuwalazimu Waafrika. Mantiki yake ilikuwa wazi: mtoto wa bwana shamba alikuwa mtu wa kuandikwa, na mtoto wa kibarua alikuwa sehemu ya idadi ya kukadiria. Hata pale mkoloni alipotaka kujua vifo vya watoto wa Kiafrika, alitaka kwa sababu zake. Katika miaka ya 1930, ofisa wa wilaya A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick walifanya uchunguzi wa idadi ya watu wa Ulanga, wakachapisha matokeo mwishoni mwa muongo huo. Ni kazi yenye thamani kwetu leo, lakini ilizaliwa katika zama ambazo swali kubwa la utawala lilikuwa kama wilaya itaendelea kutoa walipa kodi na vibarua wa kutosha.

Baada ya uhuru sheria iliwafikia wote kwa maandishi. Leo Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30. Msimamizi wake ni RITA. Tangu mwaka 2013, kuanzia Mbeya, mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya afya na ofisi za kata umewafikishia watoto wengi vyeti bila malipo, na nawapongeza watumishi walioufanikisha. Lakini tazameni mtoto gani anaandikwa. Ni yule aliyeishi hadi kufikishwa kliniki. Aliyekufa siku ya tatu hasajiliwi kizazi, kwa kuwa hayupo tena, na hasajiliwi kifo, kwa kuwa hakuna kizazi kilichosajiliwa. Anatoka duniani bila kuwa amepita popote.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na naomba msomaji anifuate kwa makini. Cheti cha kifo cha mtu mzima kina matumizi kwa walio hai. Mjane anakihitaji kwa mirathi na mafao. Mwanafunzi yatima anakihitaji ili aombe mkopo wa elimu ya juu, na wanafunzi wangu wanajua usumbufu wa kukihakiki. Kwa hiyo watu hukitafuta, hata kwa kuchelewa. Cheti cha kifo cha mtoto wa siku tatu hakina matumizi yoyote. Hakimpi mtu urithi, hakimpi mtu mkopo, hakifungui akaunti. Mama wa shambani atavuka mto, atalipa nauli, atapoteza siku ya palizi, ili apewe karatasi inayomkumbusha uchungu wake na isiyomsaidia lolote. Hakuna mwenye akili timamu atakayefanya hivyo. Mfumo unaomngojea mfiwa aje ofisini umejengwa kwa ajili ya vifo vyenye mali. Kwa kifo kisicho na mali, dola ndiyo yenye haja, na mwenye haja ndiye aendaye.

Nayo haja ya dola ni kubwa. Huwezi kuipangia zahanati mashine ya kumsaidia mtoto kupumua kama hujui watoto wangapi wanakufa kwa kukosa hewa katika kata hiyo. Wizara ya Afya ina mwongozo wa kufuatilia na kupitia vifo vitokanavyo na uzazi na vya watoto wachanga, na hospitali hufanya vikao vya kuvijadili. Lakini kikao hujadili faili, na mtoto wa shambani hana faili. Matokeo yake tunaboresha huduma pale tunapoona, na tunaona pale ambapo huduma tayari ipo.

Kuna haja nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni ya ardhi. Watu wa bonde hili wamehamishwa mara nyingi. Katika miaka ya 1940 vita dhidi ya malale viliwaondoa watu kutoka maeneo ya mashariki mwa Ulanga. Katika miaka ya 1970 operesheni za vijiji ziliwakusanya waliobaki wametawanyika. Mwaka 2012 zilifanyika operesheni za kuwaondoa wafugaji na mifugo katika ardhi oevu. Kila mara yameachwa mahame, na katika mahame kuna makaburi. Tunajua kwamba katika migogoro ya ardhi kaburi ni shahidi: mzee husimama na kuonyesha alipolala baba yake. Sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 nayo inaweka utaratibu wa notisi kwa wahusika kabla kaburi halijaondolewa kupisha matumizi ya umma. Lakini kaburi la mtoto mchanga nyuma ya nyumba halina alama wala mnara, na hakuna daftari linalolitaja. Trekta likipita, limepita. Familia iliyozika watoto wanne mahali fulani inaambiwa kwamba haina ushahidi wa kuishi hapo.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Nitawajibu kwa mfano wa watu ambao hawakuwa na utajiri wala dola. Mwaka 1846, waumini wa dhehebu la Mormoni walifukuzwa katika mji wao wa Nauvoo, jimbo la Illinois nchini Marekani. Wakielekea magharibi, walipiga kambi kando ya Mto Missouri, mahali walipopaita Winter Quarters, karibu na Omaha ya leo. Walikaa katika vibanda vya magogo na mapango ya udongo. Kiseyeye, homa za malaria za bonde la mto na magonjwa ya kuhara viliwaua kwa mamia, na sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa watoto wadogo. Hata hivyo, katika dhiki hiyo, mtu aliyesimamia makaburi alikuwa na daftari. Aliandika majina ya waliozikwa, pamoja na watoto. Wajukuu wao walipokuwa na uwezo, walianzisha mwaka 1894 jumuiya ya nasaba huko Utah, ambayo kumbukumbu zake ni miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani, na mwaka 1936 ikazinduliwa katika makaburi yale sanamu ya baba na mama waliosimama juu ya kaburi la mtoto wao mchanga. Ni kweli kwamba wana imani yao inayowasukuma kuwatafuta wafu, na imani hiyo si hoja yangu. Hoja yangu ni daftari. Wakimbizi wenye njaa, ndani ya theluji, walikuwa na daftari. Sisi tuna wakala wa serikali, kompyuta na minara ya simu.

Kuna pingamizi zito zaidi ambalo siwezi kulipita. Je, kumfuata mama na kumwuliza kuhusu mtoto aliyemzika kimya si kumtonesha? Ukimya ule haukuwa adhabu tu, ulikuwa pia hifadhi. Wanawake wazee walioubuni walijua kwamba binti anayezika leo anapaswa kuamka kesho kupalilia, na kwamba kijiji kina midomo. Nalikubali hilo. Ndiyo maana sisemi kifo cha mtoto mchanga kitangazwe. Kuandika si kutangaza. Mama anayehudhuria kliniki ya wajawazito huulizwa tayari, faraghani, hii ni mimba ya ngapi, amezaa mara ngapi, na watoto walio hai ni wangapi. Ukitoa namba moja katika nyingine unapata waliokufa. Habari imekwisha kusemwa, tena kwa muuguzi ambaye mama anamwamini. Kinachokosekana ni mtu wa kuifikisha habari hiyo katika daftari la taifa badala ya kuiacha ifie kwenye kadi.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje.

Kwanza, jukumu la kutoa taarifa ya kifo cha mtoto mchanga liondolewe mabegani mwa wazazi na kukabidhiwa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa kitaifa wa wahudumu hao ulizinduliwa mwaka 2024. Wanaishi kijijini, wanajua nani alikuwa mjamzito, na wengi wao ni wanawake na wanaume ambao mama hawaoni kuwa wageni. Mhudumu atoe pole kwanza, apime hali ya mama, kisha aandike. Ofisa mtendaji wa kijiji apokee taarifa hiyo na kuipeleka kwa msajili, na kizazi na kifo visajiliwe kwa pamoja, bila ada na bila faini ya kuchelewa.

Pili, msimu wa kilimo utambuliwe katika mipango. Halmashauri za Mlimba, Mji wa Ifakara, Ulanga na Malinyi zinajua ni miezi gani watu wao wako mashambani. Huduma inayosubiri kijijini wakati kijiji kimehama inajisubiri yenyewe.

Tatu, taasisi zote za utafiti, za hapa na kwingine, zirudishe kwa jamii kile zilichokipata. Siri ya utafiti ni jambo takatifu, na majina ya watoto hawa hayapaswi kuanikwa mbele ya wageni. Lakini siri humlinda mama dhidi ya macho ya watu. Haikukusudiwa kumficha mtoto kwa mama yake mwenyewe. Kaya iliyojibu maswali kwa miaka mingi inastahili, ikitaka, kupewa nakala ya kumbukumbu zake: fulani alizaliwa tarehe hii, alifariki tarehe hii. Na mkutano wa kijiji unastahili kuambiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka watoto wangapi walipotea mwaka huu na kwa sababu gani, ili wananchi wajue la kumdai diwani wao.

Nne, vyuo vikuu vyetu viache kuidharau historia ya familia kana kwamba ni burudani ya wastaafu. Mwanafunzi wa historia au sosholojia anaweza kuanza na ukoo wake mwenyewe: akae na bibi, kwa adabu na kwa wakati ambao bibi ameuchagua, aandike majina ya waliozaliwa wote, si waliokua tu. Atagundua kwamba mjomba anayemwita wa kwanza alikuwa wa tatu. Atagundua kwa nini shangazi yake anaitwa Tabu au Sikujua, kwa kuwa mara nyingi majina yetu yameandika misiba ambayo serikali haikuiandika. Vitabu vya parokia na kumbukumbu za misikiti vipigwe picha na kuhifadhiwa kabla mvua na mchwa havijamaliza kazi.

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anaweza kusema kwamba mtoto aliyekufa hawezi kurudishwa kwa karatasi. Ni kweli. Lakini aliyeko tumboni leo, katika kibanda ng'ambo ya mto, bado anaweza kufikiwa, na njia ya kumfikia inapitia kwa wale waliomtangulia: walikufa wangapi, wapi, msimu gani, kwa nini. Bonde la Kilombero lilikwisha kulionyesha taifa kwamba mtoto akihesabiwa, mwingine huokolewa. Lilifanya hivyo kwa chandarua. Deni lililobaki ni la siku 28 za kwanza, na malipo yake yanaanza kwa kalamu kumfuata mfiwa alipo.